Kusindikizwa Hadi Chini ya Ngazi

Kila mwaka, shule za Toronto zikikaribia kufungwa, simu yangu haipumui. Mara dada wa kwaya anakwenda Shanghai na mumewe, mara kijana wa jirani amepata mafunzo ya wiki tatu Taipei, na wote wameambiwa: muulize yule mama wa basi la manjano, yeye China anaijua. Loh! Mimi na China wapi na wapi? Nimekaa siku tisa tu, tena mji mmoja, Guangzhou, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa kwenye ngazi za jengo moja. Lakini kanisani kwetu ukishapanda ndege kwenda mahali ambapo wenzako hawajafika, basi umekuwa mwenyeji wa huko. Kwa hiyo nawapa ushauri. Nawapa wote uleule, na wa mwisho, wa kusindikizwa, huwa wanaucheka. Wacha wacheke.

Nilifika Toronto mwaka elfu mbili na binti yangu wa miaka sita. Tulipanga Don Mills, ghorofa ya kumi na moja, na hatujahama hadi leo. Baba yake alibaki Morogoro na maisha yake, simlaumu wala simtaji. Baada ya kufanya kazi za kila namna nikapata leseni ya kuendesha basi la shule, na hapo ndipo nilipotulia. Kazi ile ina sheria moja ninayoipenda: mtoto mdogo humshushi mpaka umwone mtu mzima amekuja kumpokea. Mvua inyeshe, theluji ianguke, magari yapige honi huko nyuma, shauri yao. Siondoi basi mpaka mkono umeshika mkono.

Watu hudhani Toronto nilisumbuliwa na baridi. Baridi unavaa koti, yanaisha. Mimi nilisumbuliwa na milango. Unamtembelea mtu, mnacheka, mnakunywa chai, halafu unaaga. Anakwambia kwaheri, karibu tena, na kabla hujafika kwenye lifti unasikia kufuli nyuma yako: klik! Hata Waswahili wenzangu, waliokulia kwenye kusindikizana mpaka njia panda, walikuwa wameshazoea. Mimi sikuzoea. Kila nikisikia ile klik nilikuwa najisikia kama mtu aliyetolewa nje pamoja na takataka.

Basi, miaka michache kabla barakoa hazijaingia duniani, binti yangu akaniletea mchumba. Kijana wa Kichina, mpole, mrefu, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Baada ya mwezi tukaalikwa kwao Unionville, tukawaone wazazi wake. Ilikuwa Januari, theluji imefika magotini.

Mama yake ni fundi cherehani. Mwanamke mdogo, mwepesi, ana mikono inayofanya kazi hata akiwa anazungumza nawe. Anashonea nyumbani, chumba cha mbele kimejaa magauni ya maharusi yanayoning'inia. Kiingereza chake ni cha kuokoteza na changu ni cha kubangaiza, lakini tangu siku ile tumeelewana kuliko watu wenye shahada. Aliandaa meza, jamani! Samaki mzima wa mvuke, bata, mboga za majani zinazong'aa, tambi, supu ya mifupa. Nikachukua kipande kimoja cha samaki na vijiko viwili vya wali, nikainamisha macho.

Ngoja nieleze hapa, maana mambo yote yaliyofuata yametokana na hili. Mama yangu alinifundisha kwamba ukweni mtu hali akashiba. Unaonja, unashukuru, unaweka kijiko chini. Ukifakamia chakula cha wakwe umejidhalilisha wewe na ukoo wako. Ndiyo maana mtu akila kwa aibu tunamwambia, mbona unakula kama uko ukweni? Mimi sasa nilikuwa ukweni kwelikweli, ukweni kwa mwanangu, kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na baba wala shangazi wala mshenga wa kunisemea. Ukoo mzima ni mimi. Nikaonja, nikashukuru, nikaweka kijiko chini.

Mwenyeji wangu hakushtuka hata kidogo. Toronto kila mtu yuko kwenye dayati: huyu hali ngano, yule hali maziwa, mwingine anafunga mpaka saa saba. Akadhani na mimi nina langu. Akafungasha chakula kwenye vyombo vya plastiki vitano, akanipa kwa mikono miwili, na mimi nikapokea kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukisahau. Tulipotoka, akatoka na sisi. Na ndala zake za ndani, kwenye theluji ile, akaja mpaka kwenye gari, akasimama. Nikawasha, nikarudi nyuma, nikakata kona, kwenye kioo namwona bado amesimama, mkono juu. Nilifika kwenye taa nyekundu nikaanza kulia. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mama una nini? Nikamwambia, olewa. Huyu mwanamke ananisindikiza.

Nilipomshusha binti kwenye treni ya chini ya ardhi, nikaegesha kwenye uwanja wa maduka nikala vyombo vitatu kwa mkono, vioo vya gari vimejaa mvuke. Chakula kile, haki ya Mungu, ni kitamu.

Lakini kulikuwa na kikwazo, nacho kilikuwa na miaka themanini na kitu. Wazazi wa kijana walipokuja Canada walimwacha kwa bibi yake Guangzhou, mama wa huyu fundi, akamlea mpaka akafikisha miaka minane. Kijana alikuwa amesema wazi: bibi akikataa, yeye haoi. Na bibi hakuwa amekataa wala kukubali. Alikuwa amesema, "Msichana nimemwona kwenye simu, anacheka vizuri. Sasa nataka kumwona mama yake, akae mezani kwangu." Kusafiri yeye hawezi, magoti. Binti yangu alijifanya hajali, eti siku hizi watu hawaombi ruhusa kwa bibi. Usiku uleule nilimsikia bafuni analia, maji ameyafungulia ili nisimsikie.

Mkwe mwenzangu, naomba nimwite hivyo ingawa wakati ule alikuwa bado, alikuwa ameshanunua kitambaa cha gauni. Hariri nyekundu, nzito, imekunjwa kwenye rafu juu ya cherehani. Nilipoigusa akaniambia, "Siwezi kukata. Mama kwanza." Nikauona mzigo wangu wote umekunjwa pale juu ya rafu.

Dereva wa basi la shule ana likizo Julai na Agosti. Ndiyo ikawa Julai. Mkwe mwenzangu asingeweza kuja, maana kiangazi ndiyo msimu wa maharusi na ndiyo mkate wake. Hivyo Mei na Juni, kila Jumapili baada ya ibada, nilikuwa naendesha kwenda Unionville kufundishwa China.

Yule mama anajua kufundisha! Hakuniandikia orodha. Alikuwa anaweka kitu kimoja mezani, tunakizungumza mpaka kiishe. Siku ya kwanza aliweka pakiti za tishu. Vyoo vya kule vingi havina karatasi, beba zako, na vingine ni vya kuchuchumaa. Akanitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia, dada, mimi nimekulia choo cha kuchuchumaa, hao wa Toronto ndio wa kuhurumiwa. Alicheka mpaka akashika meza.

Jumapili nyingine ikawa mwavuli. Julai kule jua linachoma asubuhi, mchana mvua inamwagika kama ndoo, na mwavuli ni wa vyote viwili. Hapo hapo akauliza kama nina mtandio. Nikasema joto lote hilo mtandio wa nini? Akasema, nje utapikwa, ukiingia dukani au kwenye treni kiyoyozi kitakugandisha, na ukifanya hivyo mara kumi kwa siku utaugua. Nikabeba kanga mbili. Kanga ile ilinitumikia kuliko sanduku zima.

Halafu chupa ya chai. Aliniambia nisidai maji ya barafu, nitakodolewa macho. Watu wanakunywa maji ya moto, kiangazi hichohicho, na kituo cha treni kina mabomba ya maji ya moto ya bure. Watu wangu wa Toronto hili huwa haliwaingii akilini. Mimi lilinikumbusha mama yangu na chai yake ya tangawizi saa nane mchana, jasho linamtoka, na anasema ndiyo inayopoza. Nikasema, hawa watu ni wa kwetu.

Alinifundisha na mengine. Anwani ya hoteli na ya bibi aliziandika kwa Kichina kwenye kadi, herufi kubwa, nimwonyeshe dereva wa teksi bila kufungua mdomo. Ramani ninazozitegemea hapa kule hazifunguki, kwa hiyo nipakue zao kabla ya kupanda ndege. Hata muuza mboga analipwa kwa simu, ila simu ya mgeni haikubaliki kirahisi, kwa hiyo nibebe noti ndogondogo. Pasipoti isitoke mwilini, maana hata tiketi ya treni inaitaka. Akanishonea kifuko cha kuivaa kiunoni, kwa satini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja wa Markham. Vijiti nisivisimike wima kwenye wali, hivyo ni vya marehemu. Na barabarani nisiamini taa ya kijani: pikipiki za umeme hazina mlio, zinakuja kama paka. Halafu ananipima. Ananituma nje ya nyumba, narudi, ananiuliza ghafla, tishu ziko wapi? Kadi iko wapi? Nikichelewa kujibu natoka tena nje.

Alifikiria kila kitu, yule mama. Kitu kimoja tu hakukifikiria, nami sikukifikiria, kwa sababu mtu hawezi kuuliza jambo analodhani dunia nzima inalijua.

Guangzhou nilipokewa na mpwa wake, binti aliyesoma Kiingereza, ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Jamani, mji ule! Nimeishi Toronto miaka karibu ishirini nikidhani nimeona mji. Treni inakuja kila baada ya dakika mbili, ndani safi kama chumba cha upasuaji. Wazee wanacheza dansi bustanini saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakasirika, wameweka muziki, hawamwogopi mtu. Sokoni wanauza tunda lenye ganda jekundu linalofanana na shokishoki, ila halina manyoya, na ndani ni tamu kuliko shokishoki, watu wa Tanga wanisamehe. Kuna mtaa nilisikia Kiswahili cha Kariakoo kinapaza sauti kwenye simu kuhusu mzigo wa vitenge, nikasimama tu pale nasikiliza. Watu walikuwa wananitazama, ndiyo. Mama mmoja kwenye treni alishika nywele zangu zilizosukwa, halafu akanionyesha kidole gumba. Ningekuwa Toronto ningewaka. Pale nilicheka, maana alishika kwa adabu kama anayeshika kitambaa dukani.

Bibi alikuwa anakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi, ana fimbo na macho yanayokupima. Nilimpa zawadi kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama tunavyowaamkia wakubwa. Akatingisha kichwa, nikaona amependa. Kisha akaleta chakula.

Alikuwa amepika tangu alfajiri, na lile joto, feni moja tu. Kuku, samaki, supu ya tikiti chungu, mayai ya mvuke, vitu ambavyo sijui majina yake hadi leo. Akakaa mbele yangu, akanitazama. Na mimi, mtoto wa mama yangu, nikainamisha macho, nikaonja kidogo kila sahani, nikaweka vijiti chini vizuri, nimevilaza. Nikasema asante.

Bibi akaniwekea kipande cha kuku kwenye bakuli. Nikala nusu. Akaniwekea kingine, nikalifunika bakuli kwa mkono, nikatabasamu. Uso wake ukafunga kama duka. Nilipoaga akasimama, akachukua fimbo, akanisindikiza, ngazi zote za ghorofa tatu, mguu mmoja mmoja, mpaka chini getini. Nikasema moyoni, umeona? Mambo yanakwenda vizuri.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, ila sahani zikaongezeka na maneno yakapungua. Akanisindikiza tena mpaka chini. Barabarani mpwa akaniambia taratibu, kwa aibu, "Shangazi, bibi anasema labda chakula chake ni kichafu kwako. Anasema mama anayedharau meza, binti yake atamdharau mjukuu."

Mweh! Nilikaa hotelini nimeshika tama, njaa inaniuma, nafikiria ile hariri nyekundu kwenye rafu Unionville na maji ya bafuni kwetu Don Mills. Siku mbili nimejinyima chakula kitamu namna ile kwa heshima, kumbe heshima yenyewe ndiyo inamuua mwanangu. Nilijikasirikia, nikamkasirikia na mama yangu kaburini, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu nilikwenda nimeamua kula, lakini niliposhika vijiti macho yakainama yenyewe. Miaka hamsini ya kufundishwa haitoki kwa siku moja. Nilikula matonge matatu machozi yananilenga. Bibi akasukuma kiti, akachukua fimbo yake: twende nikusindikize. Maana hasira ni hasira, lakini mgeni ni mgeni.

Tukashuka. Siku ile joto lilikuwa la kukaanga, na kwenye ngazi ya mwisho fimbo yake ikateleza. Nikamdaka. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Na hapo likaniingia jambo lingine nililolelewa nalo: mkubwa akikusindikiza humwachi arudi peke yake. Nikamwambia mpwa, mwambie bibi nampandisha. Bibi akakataa. Nikamshika kiwiko, nikampandisha ghorofa tatu mpaka mlangoni. Nikamwambia kwaheri, nikageuka. Nikasikia fimbo nyuma yangu: ko, ko, ko. Anashuka tena! Mgeni haendi peke yake. Tukafika chini. Ebo! Mimi nitamwacha pale? Nikampandisha tena. Mlangoni namsihi kwa Kiswahili, bibi yangu, pumzika, nakuomba, naye ananijibu kwa Kikantoni kwa ukali uleule, na fimbo inashuka tena. Mpwa alikuwa amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili, amekata tamaa, anajipepea na daftari.

Mara ya tatu, katikati ya ngazi, bibi akasimama. Jasho linamtoka, na mimi vilevile. Akasema kitu kwa sauti kubwa. Mpwa akatafsiri: "Anasema, unaogopa nisianguke, lakini kukiacha chakula changu hukuogopa?"

Basi nikapasuka. Nikamwambia mpwa, mwambie. Mwambie kwetu ukweni mtu hali akashiba. Mwambie nilikuwa namheshimu, kwamba chakula chake tangu juzi nakiota usiku, kwamba nikifika hotelini nakunywa maji nalala na njaa. Mwambie sina mtu mwingine wa kunisemea, nimekuja peke yangu, na kama nimeharibu nimeharibu mimi, si mwanangu. Nilisema nikilia, bila hata kujifuta.

Mpwa akatafsiri pole pole. Bibi akajifuta jasho usoni. Akauliza neno moja.

"Anauliza, una njaa sasa?"

Nikasema, "Nakufa."

Akanishika mkono, akanivuta juu. Siku ile nilikula mabakuli matatu, na samaki nikamtafuna mpaka kichwa. Bibi aliketi mbele yangu ananionyesha kwa kijiti: hiki bado, na hiki. Ukiingia kwa wenye chongo, vunja jicho lako. Mimi nilivunja yote mawili nikaomba na supu.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu lilikuja siku ya nne. Nilipoingia tu, bibi akanisukumia beseni la maharage mabichi, nikate ncha. Tukakaa chini ya feni tunakata, hatuna lugha, tunacheka tu. Siku ya tano nikaosha vyombo. Lakini kusindikizwa hakukuisha: tulipatana kwa vidole kwamba yeye afike ghorofa ya pili tu, na mimi nisimfuate. Na kuhusu ndoa, hakusema hata neno. Nilimwuliza mpwa, akasema bibi haulizwi.

Siku ya mwisho nilikwenda kuaga. Nilikula nikashiba, nikamkumbatia. Alikuwa ameketi anamenya yale matunda mekundu. Nikasubiri achukue fimbo. Hakuichukua. Hata kuinuka hakuinuka. Akasema kitu bila kuinua kichwa, na mpwa akatafsiri: "Anasema, njia unaijua."

Nilishuka zile ngazi peke yangu, masikio yote nyuma, nikitegemea kusikia ko, ko, ko. Kimya. Ghorofa ya pili, kimya. Chini getini, kimya. Nikasema, basi, imekwisha. Nimefukuzwa kwa adabu. Saa zote za ndege mpaka Toronto sikufumba jicho. Kila niliposinzia niliona mlango unafungwa.

Kesho yake nikaendesha kwenda Unionville. Sikutaka kumwambia mtu kwa simu. Mkwe mwenzangu alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Akazitoa. Akauliza, "Mama amesema nini?"

Nikamwambia kila kitu: chakula, ngazi, maharage. Nikamwambia na siku ya mwisho. "Hakunisindikiza," nikasema. "Amekaa tu. Amesema njia naijua. Nisamehe, dada, nilijitahidi."

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri. "Hakuinuka kabisa?"

"Hata kichwa hakuinua."

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Niliona mabega yanatikisika, sikujua kama anacheka au analia, kumbe vyote. Akaniambia, kwa kile Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba mama yake hajawahi kumwacha mgeni ashuke peke yake. Fundi bomba anamsindikiza. Mtu wa kusoma mita anamsindikiza. Katika dunia nzima kuna watu wachache tu asiowasindikiza, nao ni watoto wake na wajukuu wake, kwa sababu mtu wa nyumbani hasindikizwi. "Siku naondoka kuja Canada," akasema, "aliniambia hivyohivyo. Njia unaijua."

Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Yeye akainuka, akapanda stuli, akashusha ile hariri kutoka kwenye rafu. Akaitandaza mezani yote, nyekundu mpaka ukingoni, akaipapasa mara moja, akashika mkasi. Nilisubiri kidogo. Kisha nikaona niondoke, binti alikuwa ananisubiri nyumbani na roho mkononi. Nikasema, haya, mimi nakwenda.

Hakuinua kichwa. "Funga mlango vizuri," akasema, "baridi ya kiyoyozi inatoka nje."

Nikavaa viatu, nikatoka, nikafunga. Kufuli likalia klik nyuma yangu, na ndani nikasikia mkasi unaendelea kukata.